Siku Niliyokwama Kwenye Lango la Lukoba

Watu wengi wa rika langu huku Mumias hawanijui kwa uso, wananijua kwa upande wa pili, na nikisema upande wa pili, ndugu zangu, naomba msinilazimishe kufafanua, maana mimi ni mwalimu mstaafu, nina wajukuu, na kanisani nakaa benchi la mbele. Lakini kwa vile mmeuliza, na kwa vile Nafula mke wangu ameshaanza kucheka huko jikoni kabla sijafungua mdomo (msikieni!), afadhali niseme mwenyewe, kwa sababu akisimulia yeye huongezanga chumvi mpaka mboga hailiki.

Ilikuwa ile miaka ya sukari. Kiwanda kilikuwa kinanguruma usiku na mchana, na kila aliyekuwa na kishamba cha mahindi aling'oa mahindi akapanda miwa, wengine waking'oa hata migomba ya nyuma ya nyumba, miwa ikafika mlangoni, ukifungua dirisha asubuhi jani la muwa linakupapasa shavu kabla mkeo hajakusalimia. Malipo yalipotoka watu walinunua redio kubwa kama makabati, wakaoa, wakaezeka mabati. Mimi nilikuwa nafundisha fasihi katika shule ya harambee iliyo chini ya kilima cha Lukoba, na baba alikuwa ameniachia miwa kidogo, kwa hivyo nami sikubaki nyuma: nilinenepa. Nilioa nikiwa mwembamba kama ufito, na miaka michache tu baadaye shati lilikuwa linafungwa kwa maombi.

Sasa hicho kilima. Lukoba kwa lugha yetu ni ukuta wa boma, boma la kale la kujikinga na maadui, na kilima kimebaki na jina hilo kwa sababu huko juu boma lenyewe lipo. Ukipanda unapita kwenye miwa mpaka umechoka kuiona, halafu ghafla miwa inakoma, kana kwamba imeambiwa isimame hapo, na mbele yako kuna mawe makubwa kama nyumba, yamekaliana, mengine yameegemeana kama wazee wanaonong'onezana. Kati ya mawe hayo watu wa zamani, ambao hata babu wa babu yangu aliwasikia kwa hadithi, walijenga ukuta wa mawe na udongo, wakachimba handaki kuuzunguka, wakaacha lango moja tu. Na lango lenyewe ni tundu. Majabali mawili yameachana kidogo, juu yao limelazwa bamba moja la jiwe, na chini ya bamba hilo mtu anatambaa kwa viwiko na magoti, kichwa mbele. Adui akiingia hivyo, anayemsubiri ndani hana haja ya kukimbia wala kupiga kelele. Anainua rungu tu.

Nilikuwa nimepanda huko mara nyingi, na kila mara nikifika nilikuwa nanyamaza bila kuambiwa. Upepo wa juu kule una sauti yake. Ukigeuka unaona mto Nzoia unang'aa mbali, unaona moshi wa kiwanda, unaona miwa imetanda mpaka macho yanachoka, na unajiuliza hao waliojenga walikuwa wanatazama nini walipogeuka, na walikuwa wanaogopa nini. Hata wanafunzi wangu, watundu kama nyani, wakifika pale walikuwa wanashikana mikono.

Halafu kulikuwa na kitabu. Mama Truphosa, mwanamke aliyezaliwa kwenye kijiji cha chini ya kilima na kwenda Nairobi akiwa msichana, alikuwa ameandika riwaya kuhusu Lukoba, kuhusu binti mmoja ambaye boma lilipozingirwa na watu wakafa kiu, alitoka usiku kwa lile tundu, akapita katikati ya maadui mpaka mtoni, akarudi na mtungi wa maji akiusukuma mbele yake chini ya lile bamba la jiwe. Nilikuwa nakifundisha kitabu hicho mpaka kurasa zikalegea. Sura ya lango nilikuwa naijua kwa moyo, na nilikuwa naisoma darasani kwa sauti ya kutetemeka (nilijizoeza mbele ya kioo, Nafula ni shahidi), na kila mwaka kuna msichana alikuwa analia. Kwa hivyo siku tulipopata habari kwamba Mama Truphosa mwenyewe anakuja kukiona kilima chake baada ya miaka mingi, na kwamba mimi ndiye nitakayemtembeza, nilienda kwa fundi wa cherehani Kakamega mjini nikashonewa suti. Suruali ilikuwa bugaluu, chini pana kama sketi, juu imebana mapaja, na koti lilikuwa na mabega mazito na vifungo vikubwa. Fundi aliniambia, "Mwalimu, hii usikae nayo vibaya." Nilidhani ni utani.

Siku ikafika. Shule ilijaa, miti ilijaa, ukuta wa choo ulijaa. Mama Truphosa alikuwa mwanamke mdogo, mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, na macho ambayo yakikutazama unahisi unaandikwa. Tulikula kwanza. Tuliletewa ingokho, si kuku wa duka, ni jogoo wa kienyeji aliyechemshwa tangu alfajiri, na obusuma, ugali wetu wa wimbi, na mimi kama mwenyeji nilikuwa napaswa kumwonyesha mgeni kwamba chakula ni kizuri, basi nikamwonyesha. Nikamwonyesha tena. Nafula alinikanyaga mguu chini ya meza nikadhani ananitia moyo.

Tukapanda. Mbele alikuwa chifu, nyuma yake mgeni, nyuma yake mimi nikihema, nyuma yangu wanafunzi wakiimba, na nyuma yao akina mama wa kanisa waliokuja kwa trekta ya kuvuta miwa. Trekta hiyo iliendeshwa na Saidi, kijana wa Mumias mjini, aliyeleta pia viti vya wageni. Sikutazama ni akina mama gani. Kumbukeni hapo: sikutazama.

Tulipofika juu kila mtu alinyamaza, kama kawaida. Mama Truphosa alisimama mbele ya lango, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Mimi pia nilihisi mwili unasisimka, kusimama karibu na mtu aliyelichukua jiwe lile la kwetu akalifanya likasomwa na watoto wa Turkana na wa Mombasa.

Sasa, upande wa mashariki ukuta umebomoka, kuna pengo ambalo ng'ombe wawili wanaweza kupita wakiongea. Huko ndiko sisi sote tunapitanga. Chifu akasema, "Mama, karibu huku, tuingie kwa heshima," akaanza kumzungusha. Hapo ndipo lile wazo lilinijia, na lilikuja likiwa limevaa nguo za malaika. Nikasema kwa sauti kubwa, watu wote wasikie: "Mama, tangulia ndani ukasimame upande wa pili wa lango. Mimi nitaingia kama yule binti alivyoingia, na nitakukariria sura yako ukiwa umesimama palepale!"

Wanafunzi wakapiga makofi. Chifu akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akatulia kidogo pale katikati. "Mwalimu," akasema, "una hakika?"

"Hata yule binti hakuulizwa hivyo," nikamjibu. (Jamani.)

Nikapiga magoti. Nikaingiza mikono, nikaingiza kichwa, nikaanza: "Giza lilimpokea kama mama..." Ndani kulikuwa na baridi, kunanuka udongo mkavu na popo. Nikaburuta viwiko, nikasogea, mwanga wa upande wa pili nauona, viatu vya Mama Truphosa naviona, sauti yangu inarudi kutoka kwenye mawe ikiwa nzito na nzuri kuliko nilivyowahi kuisikia, na mimi mwenyewe nikaguswa nayo, nikavuta pumzi ndefu ili niseme sentensi ile ya mtungi.

Ile pumzi ndiyo iliyonimaliza. Kifua kilijaa, koti likajikunja na kupanda makwapani, mabega yake mazito yakajibana kati ya majabali kama kabari, na tumbo, nalo likiwa na jogoo wake ndani, likakaa. Nikajaribu kwenda mbele, hapana. Nikajaribu kurudi, hapana. Nikasukuma kwa magoti kwa nguvu zangu zote, na hapo nikasikia nyuma yangu sauti ndefu, kama mtu anayepasua turubai.

Ndugu zangu, ile suruali haikupasuka kidogo. Ilipasuka kutoka mshipi mpaka inakojua yenyewe. Nikahisi upepo wa Lukoba mahali ambapo sikuwahi kuuhisi. Halafu kilima chote kikacheka, wanafunzi, akina mama, Saidi juu ya trekta yake, kicheko kikazunguka kwenye mawe kikanirudia kupitia pande zote mbili. Na katikati ya kicheko nikasikia sauti ya mwanamke ikipaa: "Nyasaye, Mungu wangu! Funikeni huyo mtu! Si mkwe wake yuko hapa?"

Kicheko kikakatika kama kimechinjwa.

Vijana wa siku hizi mnakumbatiana na mama mkwe mkipigwa picha. Sisi, mama mkwe akija njia hii wewe unaingia kwenye miwa mpaka apite. Humshiki mkono, huli naye meza moja, humtazami machoni. Nilikuwa nimemwoa Nafula miaka ile yote na mama yake, Mama Perisi, nilimjua zaidi kwa sauti ya nyuma ya mlango. Na leo Mama Perisi alikuwa amekuja na akina mama wa kanisa, kumsikiliza mkwe wake mwalimu akisoma mbele ya wageni, na alikuwa amesimama safu ya mbele.

Nafula alifika haraka, nikahisi leso yake ikinifunika. "Baba Eliza," akaninong'oneza kutoka huko nyuma, "usisogee. Tafadhali usisogee hata kidogo."

"Siwezi kusogea," nikasema.

"Basi endelea hivyo."

Waliwaita vijana wakanivuta miguu, nikapiga yowe. Saidi akaja, nikamsikia akisema kwa upole kabisa, "Asalaam aleikum, Mwalimu, niko na kamba ya miwa hapa, nikufunge kwa trekta taratibu tu, bismillahi, utatoka," na Nafula akamwambia akiigusa kamba hiyo atamfunga yeye. Nikajaribu kujigeuza ubavu ili bega moja liachie, nikajigeuza nusu, kisha zaidi, mpaka nikajikuta nimelala chali, nimekwama vizuri kuliko mwanzo, uso unatazama lile bamba la jiwe, na kati ya pua yangu na jiwe hakuna hata shibiri.

Ndipo nikaona.

Jua la alasiri lilikuwa linaingia kutoka upande wa ndani, likiwa chini, na lilikuwa linapita ubavuni mwa udongo uliosakafiwa chini ya bamba, pale ambapo mvua haikuwahi kufika tangu siku ya kwanza. Na udongo wote ulikuwa na vidole. Mistari minne minne, imevutwa kwa mkono udongo ungali na maji, inapinda, inaingiliana, hapa mkono umeanza, hapa umechoka ukapumzika, hapa kuna kiganja kizima kimebonyea na mikunjo yake yote. Mikono midogo. Nyumba zetu nani huzikandika, si mama zetu na dada zetu? Ni wanawake waliokandika lango lile, wamelala chali kama mimi, tope likiwadondokea machoni, labda wakijua kuna watu wanakuja kuwaua. Nilikuwa nimefundisha lango hilo miaka yote, nimepita mbele yake, nimelichora ubaoni, na sikuwahi kujua lina vidole, kwa sababu anayetambaa hutazama chini.

Nikasahau suruali. Nawaambia kweli, nikasahau. Machozi yakanitoka yakaingia masikioni.

Uso wa Mama Truphosa ukatokea upande wa ndani, nikauona juu chini. Alikuwa amepiga magoti. "Mwalimu, unaumia?"

"Mama," nikasema, "ingiza mkono. Gusa hapa juu."

Akaingiza mkono, akapapasa, na mkono ukasimama. Vidole vyake vilikaa kwenye mistari ile kama vimerudi nyumbani. Tulikaa hivyo, yeye magotini na mimi chali, mpaka nikamwuliza kwa nini hakuandika habari hizi kitabuni.

"Mwanangu," akasema polepole, "mimi sijawahi kupita hapa. Nilipokuwa msichana niliogopa nyoka. Lango lile la kitabuni nilijitungia tu, chumbani, Nairobi." Akakipapasa tena kile kiganja. "Na hawa wamenishinda."

Nje, chifu alikuwa ameamua. Nilimsikia akiagiza mtaimbo uletwe kutoka kwenye trekta, wabomoe ubavu mmoja wa lango, mtu atoke, tumechelewa hotuba. Pigo la kwanza likagonga, na kipande cha udongo kama sahani kikaanguka karibu na sikio langu, nikageuza macho nikaona kina vidole vitatu.

Nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga tena. "Acheni! Acheni huo mtaimbo! Mkivunja hapa sitoki, nitakaa hapa mpaka nife!"

"Mwalimu, sasa hapo unakaakaa kufanya nini?" chifu akauliza, amekasirika.

"Ninangoja nikonde!"

Watu wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa kingine. Mama Truphosa naye akasimama akasema atakayegusa jiwe atamwandika kwa jina lake na la baba yake, na mtaimbo ukanyamaza.

Aliyenitoa ni Nafula. Aliomba panga la mkata miwa, akatambaa nyuma yangu akiwa amenilalia miguu, akasema, "Baba Eliza, si wewe uliyekwama, ni koti," na akaanza kulipasua, mshono kwa mshono, ile suti ya Kakamega, huku mimi nikiomba Mungu amwongoze mkono. Niliposikia bega la kwanza limeachia nikatoa pumzi yote niliyonayo. "Rudi nyuma," akasema. Nikakataa. Nyuma kulikuwa na Mama Perisi, na kati yangu naye ni leso moja tu. "Nisukume mbele," nikasema, "huko kuna wageni tu."

Sasa sikilizeni jinsi heshima inavyoweza kumwua mtu. Mama Perisi, alipoona aliyoyaona, alifanya jambo la adabu kabisa: aliondoka upande ule wa aibu. Alizunguka ukuta, akaingia kwa pengo, akaja kusimama ndani, mahali ambapo mtu mwenye heshima zake angeona kichwa tu. Mimi sikujua. Nafula hakujua. Nafula akaweka miguu yake imara, akanisukuma kwa nguvu za mwanamke aliyekasirika, na mimi nikachomoka kama ndama anayezaliwa, chali, bila koti, leso imebaki njiani, nikateleza kwenye nyasi, na katika kutapatapa nikashika kitu cha kwanza nilichokipata nikakikumbatia.

Vilikuwa vifundo vya miguu. Nikainua macho.

"Mkwe," akasema Mama Perisi, akiwa ametazama juu mbinguni, hakuinamisha kichwa hata kidogo, "niachirie miguu nikimbie."

Nikaachilia. Akakimbia. Sikujua mwanamke wa umri ule anaweza kukimbia vile juu ya mawe.

Ilibidi wazee wakae. Nilipeleka kondoo na shuka mpya kwao, na nao wakatoa blanketi, kwa sababu aliyeona kisichoonekana na aliyeshika kisichoshikwa lazima wote wawili waoshwe. Chifu hakunisalimia mpaka mavuno mengine. Shuleni, nikigeuka kuandika ubaoni, darasa zima linakohoa. Mama Truphosa alirudi Nairobi usiku uleule, na pale garini alinishika mkono kwa mikono miwili akasema tu, "Asante kwa kukwama," na sikupata la kujibu.

Siku ile ya kuoshwa, mambo yote yakiwa yamekwisha na wazee wanakunywa chai, mama mkwe aliongea nami kutoka nyuma ya mlango, kama zamani. Aliniuliza vile vidole ni vya wanawake kweli. Nikamwambia ndiyo, mama, nimeviona kwa macho yangu. Wiki iliyofuata Nafula alimpeleka Lukoba, wawili tu, na mimi nikawafuata kwa mbali sana, nikasimama nimegeuzia kilima mgongo kama adabu inavyotaka, nikitazama miwa. Nafula ananiambia mama yake alijilaza chali bila kuambiwa, akajifunga gauni magotini, akajivuta chini ya lile jiwe pole pole mpaka akatokea ndani na udongo kwenye nywele.

Mimi nimeapa, na nimeapa mbele ya mke wangu ambaye bado anacheka huko jikoni: mahali palipo na pengo nitapita pengoni na ng'ombe wengine. Kitabu nitasoma nimekaa kwenye kiti. Na mgeni mkubwa akija tena, nitakula mboga kidogo, nitavaa suruali ya zamani, nitamwonyesha lango kwa kidole, nikiwa nimesimama mbali, na nitafunga mdomo ili mawe yaseme yenyewe.